Nywele za Kahuzi

Honoré Bulonza hakuwa na desturi ya kujitazama kwenye kioo. Asubuhi alinyoa ndevu kwa mazoea, akanawa uso, akavaa kofia yake ya kahawia na kutoka. Hivyo ndivyo alivyoishi tangu mkewe Charlène alipofariki, na hivyo angeendelea kuishi mpaka mwisho, kama dada yake Monique asingepita kwake Jumapili moja ya Januari baada ya misa, akavua viatu mlangoni, akajitupa kwenye kiti na kumwambia kaka yake, kama mtu anayetangaza kwamba mvua inakuja:

“Yaya, Christine anarudi.”

“Christine gani?” aliuliza Honoré, ingawa moyo wake ulikuwa umekwisha kujua.

“Kwani unajua wangapi? Christine wa papa Jacques, wa Nyalukemba. Bwana yake alikufa kule Lubumbashi, sasa inakaribia miaka mbili. Iko na mutoto mwanamuke hapa Bukavu, ule njo alimuita bakae pamoja. Bantu ya chorale ya kanisa banasema atafika mbele ya Pasaka.”

Honoré alimimina chai, akamimina nyingine juu yake mpaka ikafurika kwenye kisahani. Monique aliona, akajifanya hakuona. Alikula, akasifu maharage, akaenda zake.

Mlango ulipofungwa Honoré aliingia chumbani, akasimama mbele ya kioo cha kabati ambacho Charlène alikuwa akikitumia, akavua kofia.

Alikuwa amepita umri wa miaka sitini. Uso wake ulikuwa bado wa mtu anayependeza kutazamwa, wenye kidevu imara na macho ya upole. Lakini kichwa, ee Mungu. Paji la uso lilikuwa limepanda juu pande zote mbili kama maji ya ziwa yaliyokula ufuko. Utosini ngozi ilionekana waziwazi, na zile nywele zilizosalia katikati zilikuwa nyembamba, fupi, za rangi ya majivu, zikisimama moja huku, moja kule, kama miche kwenye kitalu kilichosahauliwa kumwagiliwa. Honoré alikuwa amefanya kazi ya kitalu maisha yake yote, kwenye mashamba ya miti ya kwinini. Alijua jinsi kitalu kinavyoonekana kinapokata tamaa.

“Atanitambua?” alijiuliza kwa sauti, peke yake.

Ili tuelewe kwa nini mtu mzima mwenye akili zake asimame saa nzima mbele ya kioo akihesabu hasara, inatubidi turudi nyuma, kwenye miaka ile ambayo muziki ulitoka kwenye kila dirisha la mji, na vijana wa Bukavu walivaa suruali pana chini. Honoré alikuwa mwanafunzi wa kilimo. Alikuwa na nywele za afro ambazo hakuna kijana mwingine aliyezifikia, nyeusi, nzito, za mviringo, pana kuliko mabega yake. Watu walimpa jina la Kahuzi, kwa sababu walisema kichwani alibeba msitu wote wa mlima Kahuzi. Alipopita njiani watoto walikimbia mbele wakitangaza, “Kahuzi anapita.” Naye alipita, shingo imenyooka, kama mtu aliyebeba mtungi.

Christine alikuwa binti wa papa Jacques, mwenye mashine ya kupasulia mbao. Nyumba yao ilikuwa Nyalukemba, kwenye mteremko, na ukikaa kwenye ukuta mfupi wa nyuma uliliona ziwa lote chini, kijani karibu, buluu kwa mbali. Jumapili, wazazi wakiwa wamelala mchana, wawili hao walikaa pale. Christine alichomoa chanuo la mbao mfukoni mwa Honoré, akamgeuza kichwa kama mtu anayegeuza papai sokoni, akaanza kuchana kuanzia chini kwenda juu, polepole, huku akimsimulia habari za wiki nzima. Alichana hata pale ambapo hapakuwa na haja tena ya kuchanwa. Honoré alifumba macho. Vidole vya Christine vilipogusa ngozi ya kichwa, alisikia mwili mzima umelegea, na kelele za mji zimekwenda mbali.

“Siku moja ndege atatoka humu,” Christine alimwambia mara nyingi.

“Akitoka, muchukue. Ni wako.”

Papa Jacques aliposikia habari yao, alisema sentensi moja tu: mutoto wake haitaolewa na pori.

Basi Honoré alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Siku ya kwenda kujitambulisha na wajomba zake, alipita kwanza kwa kinyozi na kumwambia aondoe zote. Alifika kwa papa Jacques na kichwa kinachong'aa, koti la kuazima na soksi nyeupe. Christine alimwona kutoka mlango wa jikoni, akaweka mkono mdomoni, akageuka akilia. Papa Jacques alimtazama kijana huyo kwa muda mrefu.

“Mwanaume mwenye anakata nywele yake yote juu ya kupata mwanamuke,” alisema mzee, “kesho atakata nini?”

Hivyo ndivyo posa ilivyokataliwa. Mwaka ule ule Christine aliolewa na Évariste, karani wa reli aliyekuja likizo kutoka Lubumbashi, mtu mwenye mshahara na barua ya padri. Ndege iliyomchukua iliruka kutoka uwanja wa Kavumu asubuhi. Honoré alikuwa shambani, kati ya miche, akaisikia ikipita. Hakuinua kichwa.

Nywele zilirudi, naye aliziacha zikue, lakini hakumpa mtu mwingine chanuo lile. Alimwoa Charlène, mwanamke mwema, akaishi naye kwa amani, akamzika kwa heshima. Na kati ya hayo yote, mwaka baada ya mwaka, nywele zilianza kuondoka zenyewe, bila kuaga, naye akanunua kofia.

*

Wiki zile za kwanza baada ya habari ya Monique, Honoré alijaribu mambo ambayo angeona haya kuyakiri mbele ya watu. Alijipaka mafuta ya mbarika. Alisaga kitunguu, akakamua maji yake, akajipaka, akakaa barazani machozi yakimtoka. Mtu mmoja sokoni Kadutu alimuuzia pomade ya nywele isiyo na jina, iliyomwachia vipele.

“Yaya, unanuka kama sauce ya kitunguu,” Monique alimwambia, akikaa mbali naye. “Kuko docteur wa ngozi kule Ibanda. Banamusifu. Nenda kwake mbele ya kujichoma kichwa.”

Ndivyo Honoré alivyojikuta asubuhi moja kwenye kliniki ndogo ya Ibanda, mbele ya mwanamke kijana mwenye koti jeupe ambaye kila mtu alimwita Docteur Aimée. Alikuwa na macho makubwa yaliyotulia, na namna ya kuinamisha kichwa upande anaposikiliza. Honoré alihisi kama amewahi kuiona namna ile mahali fulani, lakini aibu ilimzuia kufikiri zaidi.

“Vua kofia, papa.”

Aliivua kama mtu anayefunua kidonda. Daktari alisogeza taa, akachukua lenzi, akapekua nywele upande huu na ule. Alishika chache kwa vidole, akazivuta taratibu kuona ngapi zitatoka.

“Hivi vipele ni vya nini?”

“Ni pomade ya Kadutu.”

“Tupa ile pomade. Nywele ilianza kuanguka mara moja, ao polepole?”

“Polepole. Miaka mingi. Kwanza huku mbele, kisha huku juu.”

“Na papa yako, kichwa yake ilikuwa namna gani?”

“Kipara. Tonton wangu, kaka ya mama, naye vilevile.”

“Basi njo ile.” Alizima taa, akaketi mbele yake. “Ni mambo ya kurisi, papa. Inaweza kutoka kwa papa, inaweza kutoka kwa mama. Mwili ya mwanaume inatengeneza hormone moja, na kwa wale benye balirisi, ile hormone inasumbua muzizi ya nywele. Kila mwaka muzizi inapunguka. Unywele inatoka mwembamba, kisha mufupi, kisha siku moja haitoke tena. Haiko ugonjwa. Wanaume wengi wa miaka yako bako nayo.”

“Dada yangu anasema ni kofia njo iliua nywele.”

“Kofia haina kosa. Lakini kuko sababu zingine zenye tunapashwa kuangalia. Chuma kidogo mu damu, thyroïde, ile tezi ya shingo, homa ya nguvu, dawa fulani, mawazo mingi. Zile zinaangusha nywele kwa haraka, na mara mingi nywele inarudi sababu ikiisha. Nitakupima damu, tusidanganyike.”

“Mawazo niko nayo,” alisema Honoré.

Daktari alitabasamu kidogo. Akamweleza habari ya dawa. Kulikuwa na dawa ya maji ya kupaka kwenye ngozi, asubuhi na jioni, bila kukosa. Angengoja miezi minne au zaidi kabla ya kuona kitu. Wiki za kwanza nywele zingeweza hata kuanguka zaidi kuliko mwanzo, asiogope, ni zile dhaifu zinaziachia nafasi mpya. Na siku akiacha dawa, kile alichopata kingekwenda tena.

“Kuko pia kidonge,” aliendelea, akitazama mezani. “Inazuia ile hormone. Inasaidia. Lakini kwa wanaume wamoja wamoja inapunguza hamu ya kitanda.”

Honoré aligeuka kutazama dirisha.

“Ile tuiache kwanza, Docteur.”

“Tuiache.”

“Nasikia Uturuki banapanda nywele kama vile sisi tulikuwa tunapanda kwinini.”

“Ni kweli. Banatoa nyuma, banapanda mbele. Lakini haifai kila kichwa, na ni safari ndefu.” Alimtazama kwa upole. “Papa, umekaa na hii kichwa miaka mingi bila kusumbuka. Kwa nini sasa?”

Mtu huweza kukaa na neno miaka arobaini, halafu akalitoa mbele ya mgeni mwenye sauti nzuri. Honoré alianza kwa kusitasita, kisha maneno yakaja yenyewe. Alisimulia ukuta mfupi wa Nyalukemba, na chanuo la mbao, na msichana aliyechana huku akisimulia. Alisimulia siku aliyonyoa. Alisema sasa yule msichana ni mjane na anarudi kabla ya Pasaka, na kwamba yeye hataki kitu kikubwa, anataka tu amkute mtu anayefanana kidogo na yule aliyemwacha.

“Walikuwa wananiita Kahuzi,” alisema, akicheka kwa aibu. “Juu ya nywele. Yeye ni Christine, binti ya papa Jacques wa mbao. Pengine familia yenu inawajua.”

Kalamu ya daktari ilisimama. Alimaliza kuandika, akampa karatasi ya dawa, akasimama kabla Honoré hajasimama.

“Utarudia huku miezi mbili ikipita, papa,” alisema, na hakumtazama tena.

*

Hakungoja miezi miwili. Wiki chache baada ya kuanza dawa aliamka akakuta mto umejaa nywele, na nyingine zikielea kwenye beseni la kunawia. Alikimbilia kliniki akiwa amevaa kofia hadi kwenye masikio.

“Nilikuambia zitaanguka,” Docteur Aimée alisema alipomwangalia. “Inamaanisha dawa inafanya kazi yake. Na damu yako ni nzuri, haina kosa.”

Kisha akaenda kufunga mlango, akarudi, akakaa. Alionekana kama mtu ambaye hajalala vizuri.

“Papa Honoré, siku ile nilipashwa kukusimamisha. Nilibaki kimya kama mutoto mwenye anasikiliza wakubwa nyuma ya mulango. Unisamehe. Christine ni mama yangu.”

Honoré alimtazama. Yale macho, na ile namna ya kuinamisha kichwa. Alikuwa ameviona vyote tangu siku ya kwanza, na hakuwa na akili ya kuvitambua. Alisikia joto la aibu limepanda kutoka kifuani hadi utosini, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kulificha.

“Kile uliniambia hapa, mama hatakijua kwa kinywa yangu,” aliendelea binti. “Siri ya mugonjwa ni siri. Lakini siwezi kuendelea kukutunza juu ya kumupendeza mama yangu. Mwenzangu mumoja ku hôpital atakupokea. Na niseme kweli, papa. Sipendi. Papa yangu hata matanga yake haijaisha mu roho yangu, na hapa mutu anakuja kujipamba.”

Angekuwa kijana, Honoré angejitetea. Sasa aliweka mikono juu ya magoti.

“Papa yako alikuwa mutu wa namna gani?” aliuliza.

Swali lile lilimkuta Aimée bila silaha. Alitazama kalamu yake.

“Munyamavu. Alikuwa anapenda hesabu, na samaki. Yeye pia alikuwa na kipara, hata mbele ya mimi kuzaliwa.” Sauti yake ilipungua. “Kila Jumamosi, siku ya posho, mama alikuwa anamukalisha ku mulango, anamupakaa mafuta ya mise, ile ya mbegu ya muchikichi, ku kichwa, anaimba. Kisha anamubusu hapa, katikati, mbele ya batoto bote. Papa anasikia haya, anasema, Christine, bantu banaona. Mama anasema, baone.”

Honoré aliliona lile tendo kwa macho yake kabisa. Aliziona mbao za mlango, na mafuta, na vidole. Miaka yote ile alikuwa amejichorea picha nyingine, ya Christine anayekaa dirishani Lubumbashi, anayevumilia, anayetazama upande wa Kivu. Picha hiyo ndiyo iliyomsindikiza usiku mwingi. Sasa ilivunjika mbele yake kwa maneno machache ya binti, na maumivu yalikuwa makali, lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukitegemea, kama mtu aliyebeba dhambi ya kuua, akaambiwa hakuna aliyekufa.

“Alifurahi, basi,” alisema.

“Ndiyo. Alifurahi.”

“Aksanti kuniambia.”

Alichukua kofia yake, akamshika mkono kwa mikono miwili kama unavyomshika mfiwa, akatoka. Alishuka kwa miguu njia yote. Kati ya nyumba na nyumba ziwa lilionekana na kupotea. Alimwonea wivu Évariste kwa nguvu kama kijana, kisha alipofika kwenye kona ya barabara yake aliona kwamba wivu wenyewe umemchosha, na kwamba anampenda Christine huyu wa mlangoni, ambaye hakumjua, kuliko yule wa dirishani aliyemtengeneza mwenyewe.

Siku ile hakujipaka dawa. Wala siku iliyofuata.

*

Christine alifika siku chache kabla ya Pasaka. Desturi inataka mtu aende kumpa pole mjane, hata kama msiba ni wa zamani, na Jumatatu ya Pasaka Monique alimfuata kaka yake akiwa amevaa kitenge kipya na kubeba kikapu cha sambaza zilizokaangwa, dagaa wa ziwani. Alimkuta Honoré tayari, amevaa shati jeupe. Nywele alikuwa amezikata chini kabisa, usawa mmoja, bila kunyoa. Kichwa kilionekana chote jinsi kilivyokuwa.

“Na kofia?” aliuliza Monique.

“Iko ndani. Twende.”

Aliyefungua mlango ni Aimée. Alitazama uso wake, kisha kichwa, na daktari ndani yake akaelewa mara moja.

“Uliacha dawa,” alisema kwa sauti ya chini, wakati Monique akivua viatu.

“Niliacha.”

“Juu ya maneno yangu?”

“Hapana, Docteur. Dawa ni muzuri, na kesho naweza kuirudilia. Lakini leo nimekuja kumulilia papa yako. Haifai mutu akuje ku matanga na kichwa ya kuazima.”

Aimée alimpisha apite.

Christine alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa miwani, na nywele zake fupi zilikuwa nyeupe pande zote. Alinyanyuka. Wawili hao walitazamana upande na upande wa meza yenye kitambaa cha kufuma, na kwa muda hakuna aliyepata la kufanya na mikono yake.

“Honoré,” alisema Christine.

“Maman Aimée. Pole kwa papa Évariste.”

Honoré alikaa, akamuuliza habari za Évariste. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, jinsi alivyougua, nani alikuwa naye, kama aliteseka. Christine alisimulia. Alilia kidogo, akafuta miwani, akasimulia tena. Kisha akauliza habari za Charlène, na Honoré naye alisimulia. Aimée, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kifuani, hakujua ni saa ngapi mikono ile ilishuka.

“Aimée, njoo unionyeshe sahani iko wapi,” alisema Monique, akamshika mkono, akampeleka jikoni akitaka asitake.

Walipobaki wawili, Honoré alitazama sakafu, akamtazama Christine, akarudi kwenye sakafu.

“Unaniangalia mbio mbio kama mutu mwenye anaiba,” alisema Christine.

“Naogopa vile unaniona.”

“Sikuoni hata muzuri. Macho yangu inaona mbali, karibu inakataa. Kaa kule mwisho wa meza kwanza.” Honoré alihamia kule. Christine alivua miwani yake ya kusomea, akainamisha kichwa upande, akamtazama kwa muda mrefu bila haraka yoyote. “Eh. Sasa nakuona. Umekuwa muzee.”

“Nywele ilienda.”

“Naona. Yangu pia ilienda rangi. Na huku pembeni, miaka yote ya kusuka kwa nguvu, angalia.” Aligeuza kichwa, akamwonyesha pale penye wazi karibu na sikio, bila aibu, kama mtu anayeonyesha kovu kwa rafiki wa zamani. “Rudi sasa. Leta hiyo kichwa.”

Honoré alirudi, akakaa karibu naye, akainama. Mkono wa Christine ulitua utosini, mkono wa mwanamke mzima, mzito na wenye joto, ukateleza taratibu kutoka mbele hadi kisogoni. Alifumba macho. Miaka yote ilikuwa imepita na ngozi ilikuwa bado inakumbuka.

“Siku ile ulikuja umenyoa,” Christine alisema, mkono bado utosini, “nililia. Ulifikiri ni juu ya nywele?”

“Nilifikiri ulinionea haya.”

“Nililia juu ya kuona papa atashinda. Mutu akianza kukupunguza, hata umupe nini, hatatosheka.” Mkono ulisimama. “Sitakudanganya, Honoré. Sikukaa kule nikikulilia. Nilikuwaza, lakini haiko kila siku. Kuko miaka nilikusahau kabisa, na nilikaa muzuri. Nilimupenda bwana yangu.”

“Najua. Nilisikia.”

“Ulisikia kwa nani?”

Mlangoni mwa jikoni Aimée alikuwa amesimama na sahani mkononi. Honoré alimwona. Neno moja tu lingetosha kumweka binti matatani mbele ya mama yake, kwamba alikaa kliniki akisimulia habari za ndani ya nyumba yao kwa mwanaume mgeni.

“Mambo ya namna ile inaonekana tu,” alijibu. “Venye ulimusimulia leo, ilitosha.”

Aimée alishusha macho. Aliweka sahani mezani, sambaza upande mmoja, bugali upande mwingine, akaleta maji ya kunawa. Alimmiminia Monique, akammiminia mama yake, kisha akamwendea Honoré, akamshikia beseni mpaka alipomaliza, na akampa taulo mwenyewe.

Walikula. Monique alisimulia habari za chorale, ambazo hazikuhitaji msaada wa mtu. Kuelekea mwisho Christine alisema:

“Papa aliniachia shamba kule Nyantende. Sijaiona tangu nilioleka. Nataka kujua kama kuko hata muti moja. Lakini Aimée iko na kazi juma yote.”

“Nitakusindikiza,” alisema Honoré. “Udongo ya Nyantende naijua.”

“Kesho?”

“Kesho.”

“Maman, barabara iko matope,” alisema Aimée.

“Nilizaliwa mu ile matope.”

Aimée alimtazama mama yake. Christine alikuwa ameinamisha kichwa upande, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho binti hakuwa amekiona tangu siku ya mazishi, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka chumba kingine. Aimée aliuona uso ule, akashusha pumzi ndefu, akamgeukia Honoré.

“Papa Honoré, kesho maman arudi hapa mbele ya giza.”

“Aimée,” alisema Christine, “mimi niko na miaka sitini na kitu.”

“Najua, maman. Saa kumi na moja. Haiko kumi na mbili.”

Christine aliweka ncha ya kitenge mdomoni, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko alichoshindwa kukizuia. Monique alitazama dari. Honoré alinyoosha mgongo kwenye kiti chake, akaweka taulo mezani vizuri.

“Saa kumi, Docteur,” alisema. “Saa kumi tutakuwa tumefika.”